Kanzu, koti na kofia ya mkono kwa laki na nusu: nikaha ya mchana Unguja, nisaidieni wakuu

Msukuma_Mjini

Wakuu, salaam. Rafiki yangu wa kazini, Mpemba, anaoa mwezi ujao. Nikaha inafungwa nyumbani kwa kina bibi harusi, Kikwajuni, baada ya sala ya Adhuhuri, halafu kuna chakula. Kanipa heshima ya kuwa mmoja wa watakaomsindikiza, na maelekezo yote aliyonipa kuhusu mavazi ni maneno mawili: "Njoo umevaa."

Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, naishi Tabata. Kabatini nina suti moja ya bluu na mashati ya ofisini. Nimewaona watu wa pwani kwenye picha za harusi, kanzu nyeupe, koti juu, kofia ile yenye vitobo vidogo vidogo, wamependeza mno. Nataka nisimwaibishe mwenzangu mbele ya wakwe.

Bajeti ni laki na nusu, nauli ya boti nimeitenga pembeni. Je, inatosha? Nishone au ninunue iliyokwisha shonwa? Na kanzu zenyewe naona ziko za aina nyingi, nyingine zina kola, nyingine zina kamba inaning'inia shingoni. Ipi ni ipi?

---

Kijana_wa_Tandale

Vaa suti yako na tai mkuu, saa saba mchana Unguja, halafu uje utusimulie hilo jasho 😂

---

Mkunazini

Msukuma, karibu kwetu. La dini lisikusumbue. Kanzu kwenye shughuli ni vazi la heshima, na mgeni akija kavaa kanzu wenyeji wanafurahi, wanaona kawathamini. Hakuna atakayekusomesha shahada mlangoni.

Sasa nikwambie jinsi watu wanavyokutazama, kwa sababu ukijua hilo utajua pesa uiweke wapi. Mtu akiingia barazani, wazee wanaanza na kofia, kisha wanashuka kwenye pindo la kanzu na miguu. Kitambaa cha kanzu ni cha bei gani, hakuna anayejua mpaka akishike. Kwa hiyo wewe mwenye laki na nusu usiende kununua kanzu ya laki halafu kichwani ukaweka kofia ya mashine ya elfu tano. Fanya kinyume chake. Kanzu ya kawaida iliyokukaa, kofia nzuri ya mkono, basi.

Kuhusu aina:

Yenye kola na mikono ya vifungo kama shati, hiyo ni ya Kisaudia. Watu wanaivaa, si vibaya, ila kwenye nikaha ya kwetu inaonekana kama umetoka Umra. Isiyo na kola, shingo ya duara yenye darizi, na kishada kinachoning'inia upande wa kulia, hiyo ya Kiomani, na ndiyo iliyojaa madukani siku hizi. Halafu ipo ya kwetu ya zamani, shingo ya duara, darizi ya mkono shingoni hadi kifuani, bila kishada. Hii ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo adimu. Ukiikosa chukua ya Kiomani, utakuwa sawa na nusu ya watu utakaowakuta.

Rangi: mchana ni nyeupe. Maziwa inakubalika. Hizo nyeusi, za kijivu na za rangi ya udongo waachie vijana wa matembezi ya usiku.

Joho usiguse. Joho ni la bwana harusi, na masheikh na wazee wenye nafasi zao. Msindikizaji akija na joho watu watamuuliza nani anaoa.

---

FundiCherehani_Ilala

Naongea kama fundi. Swali la kushona au kununua linategemea mwili wako. Kama una urefu wa kawaida na tumbo halijatangulia, nunua iliyoshonwa. Kanzu za dukani zina namba: 54, 56, 58, 60. Hiyo namba ni urefu kwa inchi, kutoka begani hadi chini. Wauzaji wengi hawakwambii, wanakuangalia tu wanatoa moja kwenye rafu. Mwambie mtu akupime na utepe kuanzia mfupa wa bega karibu na shingo, ushuke moja kwa moja hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ukipata 57, chukua 58 upandishe pindo. Usichukue 56 ukidhani utaivuta.

Kama wewe ni mrefu sana au una mabega mapana, shona. Yadi nne za kitambaa cha upana wa inchi 58 zinatosha mtu wa kawaida, na kipande kinabaki.

Sehemu tatu za kuangalia ukiwa umeivaa. Mshono wa bega ukae kwenye ncha ya bega, usiporomoke kwenye mkono. Inua mikono yote miwili juu kama unaomba dua: kanzu yote ikipanda hadi magotini, kwapa imekatwa vibaya, iache hapo hapo. Mwisho kaa chini sakafuni, kunja miguu. Huko unakokwenda utakaa kwenye zulia saa nzima, na kanzu iliyobana mapajani itakutesa au itachanika kwenye mpasuo wa pembeni mbele za watu.

Mikono iishie kwenye kifundo cha mkono. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, kidole kimoja au viwili. Kanzu inayoburuza chini haina heshima hata kidogo, na kwa Waislamu wengi kuburuza nguo ni jambo la kukemewa.

---

Msukuma_Mjini

Ahsanteni sana. @FundiCherehani_Ilala mimi nina futi sita kasoro kidogo, mwembamba. Nadhani za dukani zitanifaa. Na kitambaa je? Nikifika Kariakoo kila mtu ataniambia chake ni cha Japani.

---

FundiCherehani_Ilala

Ha ha, na wengine wanasema kweli. Toyobo ya Japani ndiyo inayosifiwa kwenye kanzu huko Ghuba, na jina huwa limechapwa pembeni mwa kitambaa. Ila chapa ya pembeni inachapika popote, kwa hiyo usinunue jina.

Shika kitambaa. Kikunje kwenye kiganja, kibane, hesabu hadi kumi, kiachie. Pamba tupu itabaki na makunyanzi mengi. Poliesta itafunguka kana kwamba hukuigusa. Kama bado una shaka, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Si kwamba poliesta ni mbaya. Pamba tupu inapumua lakini ukitoka kwenye boti imekunjana yote, na wewe unasafiri. Kwa safari yako mimi ningechukua mchanganyiko, tetroni nzito kidogo. Nyepesi sana inaonyesha ndani.

---

Mkunazini

Hilo la kuonyesha ndani ndilo watu wa bara linawaangusha. Kanzu nyeupe kwenye jua la saa saba ni kioo. Boksa yenye michoro itasomwa na mtaa mzima. Ndani ya kanzu vaa fulana nyeupe ya mikono (si singlendi, inachora mistari mgongoni) na chini vaa msuli mweupe au suruali nyepesi nyeupe. Wazee wanavaa shuka. Ukishindwa kufunga shuka usijaribu siku hiyo, vaa suruali.

Na simu usiweke mfuko wa kifuani. Inavuta shingo ya kanzu upande mmoja na inang'aa kwa ndani kila ikipigwa.

---

Kibokoni_001

Salamu kutoka Mombasa. Mkunazini umesema sawa yote ila mie naongeza moja: bila koti hujavaa. Huku kwetu nikahi ya mchana ni kanzu, koti na kofia, mkono una bakora kama umri wako waruhusu. Kanzu peke yake ni ya kwendea msikitini Ijumaa.

Na koti ndilo rahisi kupata kwa bei ya chini. Huku twaenda Kongowea, nyie Dar muna Karume. Koti la mtumba la sufu kutoka Ulaya lililoshonwa vizuri ni bora kuliko jipya la dukani la bei mara tano, lile linalong'aa kama mfuko wa plastiki.

---

Mkunazini

Kibokoni, huo ni ukali wa Mombasa. Unguja mtu anaingia na kanzu na kofia tu na hakuna anayemwona hajavaa. Koti wanavaa wazee na watu wazima, na vijana kwenye Idi. Hasa mwezi wa joto, mimi silazimishi.

---

Kibokoni_001

Yeye si mtu wa kupita njia, Mkunazini. Yeye anamsindikiza bwana harusi. Akae pembeni ya mtu mwenye joho na kilemba na yeye na kanzu yake tupu?

---

Mkunazini

Kwa hapo umenipata. Msindikizaji avae koti.

---

Kibokoni_001

Sasa Msukuma sikiza jinsi ya kulichagua.

Anza na mabega. Mabega ya koti hayatengenezeki kwa bei ya maana. Yakizidi au yakipungua, rudisha. Mikono yafupishwa, kiuno chapunguzwa, vifungo vyabadilishwa, hayo yote ni kazi ndogo ya fundi. Kumbuka unalijaribu juu ya kanzu, si juu ya fulana, kwa hiyo nenda na kanzu yako kwenye mfuko uivae hapo hapo sokoni, watakucheka lakini wewe ndiwe utakayependeza.

Pili liinue juani, mgongo na mapaja, uone kama nondo wamepita. Katundu kamoja ka nondo leo ni matatu mwezi ujao. Geuza ndani uangalie kitambaa cha kwapani: kama kimekuwa cha njano na kigumu, hiyo harufu haitoki, hata ufukize udi wa Kambodia.

Urefu ufunike makalio. Haya makoti mafupi ya kubana ya vijana juu ya kanzu yaonekana kama umeazima ya mdogo wako. Rangi: bluu iliyoiva, kijivu au kahawia. Nyeusi yafaa lakini mchana ni kali, na nyeusi ya mtumba mara nyingi imepauka mabegani, huioni mpaka ukitoka kwenye kivuli. Usifunge vifungo. Na mkono wa kanzu utokeze kidogo chini ya mkono wa koti, kama upana wa kidole.

---

Kijana_wa_Tandale

Karume nenda asubuhi wanapofungua robota. Saa sita mchana yote mazuri yameshachukuliwa na wauza maduka, unabaki na makoti ya mabega ya miaka ya themanini yenye sponji kama mlinzi wa goli la mpira wa magongo. Na bei ya kwanza usikubali. Akisema elfu 35, mpe 12, mtakutana katikati.

---

Mzee_wa_Ruwi

Assalaam aleikum vijana. Niko Maskati miaka mingi, asili yangu Mji Mkongwe. Nimefurahi kuona uzi huu.

Kile kishada mnachokiita kamba kina kazi yake. Kinachovywa kwenye mafuta mazuri, ili mtu akikusalimia kwa kukukumbatia apate harufu. Msukuma ukinunua ya Kiomani usikikate, kama nilivyoona wengine wanafanya huko kwetu wakidhani ni uzi uliofumuka. Tone moja la mafuta ya udi, basi.

Na huku Oman kofia peke yake ni ya nyumbani, mtaani na barazani. Ukienda kwenye jambo rasmi au la kiserikali watu wanafunga kilemba juu yake. Ajabu ni kwamba Waomani wengi wenyewe watakwambia kofia hii ya vitobo ilikuja kwao kutoka Unguja na pwani yote ile, na watu waliorudi. Leo ukivaa kofia nzuri ya mkono Ruwi, mtu akikuuliza umeitoa wapi, jibu linalompendeza ni Zanzibar.

---

Msukuma_Mjini

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, kwa nini kofia ina uzito hivi? Mkunazini naye alianza na hiyo hiyo. Huku bara kofia ni kofia.

---

Mzee_wa_Ruwi

Marahaba mwanangu. Ina historia, na si yote ya kupendeza. Zamani Unguja mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya wale waliokuwa watumwa ni kuvaa kanzu na kofia, na wanawake wakajitanda kama wenye nyumba. Mtu alikuwa anasema kwa nguo, mimi sasa ni kama wewe. Kwa hiyo bibi zetu walipokuwa wakituambia "usitoke kichwa wazi," halikuwa jambo la jua tu.

---

BintiVikokotoni

Mimi nashona kofia, nilifundishwa na mama. Nawasomeni tangu mwanzo, sasa naona zamu yangu imefika.

Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na mzunguko wake. Kila kipande ni kitambaa tabaka mbili, michoro inachorwa kwanza kwa penseli, halafu kila kitobo kinatobolewa na kuzungushwa uzi kwa sindano. Nikikaa nayo kila siku baada ya kazi za nyumbani, inachukua wiki nyingi. Zile za mchoro mzito zinapita miezi. Ndio maana nacheka mtu akiniambia "hiyo elfu 15 utaiacha?"

Jinsi ya kujua ya mkono na ya mashine. Igeuze ndani. Ya mashine ina nyuzi zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine, au imebandikwa kitambaa kuzificha. Ya mkono ndani yake ni safi karibu sawa na nje. Kisha iinue kwenye mwanga: vitobo vya mkono ni tundu kweli, mwanga unapita, na ukiangalia sana utaona havilingani kabisa, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Za mashine mara nyingi ni uzi tu umechora mviringo, hakuna tundu.

Kwangu ya mchoro mwepesi naanzia elfu 50. Ya mchoro mzito usiniulize kwa bajeti yako. Na usione haya kuchukua ya mchoro mwepesi, mchoro wenyewe hauna daraja. Watu wanaangalia kama kofia imesimama wima na kama mshono umenyooka.

Pima kichwa kwa uzi, uzungushe juu ya masikio na katikati ya kipaji, halafu upime uzi kwenye rula. Kofia ikiwa kubwa inashuka masikioni kama ya baba yako. Ikiwa ndogo inakaa juu inatafuta pa kuangukia. Na usinunue siku umetoka kunyoa upara kama siku ya shughuli utakuwa na nywele.

---

Ssebo_wa_Kampala

Jamani na sisi tumo. Uganda kanzu haina dini kabisa, Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, wote wanavaa kwenye kwanjula, siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Na koti juu ni lazima, hapa Kibokoni atafurahi. Yetu ina darizi ya rangi ya damu ya mzee inayoshuka kutoka shingoni hadi tumboni, tunaiita omulera. Msukuma asinunue hii kwa nikaha ya Unguja, watajua umekuja kuposa Buganda.

Ila swali lake la Ukristo limenichekesha. Padri wake kila Jumapili amevaa nini madhabahuni?

---

Kijana_wa_Tandale

😂😂 Ssebo umemaliza.

---

Mdau_wa_Tanga

Naomba nitofautiane kidogo. Kama mtu hana mpango wa kuvaa kanzu tena maishani, kwa nini atumie laki na nusu? Aazime. Au ashone suti ya Kaunda ya mikono mifupi, ni vazi rasmi la mchana, halina tai, halitoi jasho, na atalivaa hata kwenye vikao vya kazini. Marais wetu walipokea wageni wa mataifa wakiwa wamelivaa.

---

Mkunazini

Kaunda nzuri, Mdau, na ingekuwa ni mwalikwa wa kawaida ningemwambia hivyo hivyo. Lakini bwana harusi kamwambia "njoo umevaa." Kwa Mpemba hilo si suti ya Kaunda.

Kuazima kanzu sawa, kama mko urefu mmoja. Kofia ya mtu usiazime.

---

FundiCherehani_Ilala

Na atavaa tena. Koti litakwenda na suruali ofisini, makubadhi atavaa kila mahali. Kinachobaki kabatini ni kanzu tu.

---

Msukuma_Mjini

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kanzu nimenunua Kariakoo, namba 60, ya Kiomani, mchanganyiko (nimechoma uzi mbele ya muuzaji, akakasirika, kisha akapunguza bei): 38,000. Kupandisha pindo 4,000. Koti Karume, nilifika wanafungua robota, sufu, kijivu, mabega yamekaa kabisa: 18,000. Fundi kafupisha mikono na kubadilisha vifungo: 8,000. Shuka nyeupe ya ndani 8,000. Makubadhi ya ngozi, 18,000. Kofia nimeagiza kwa BintiVikokotoni, tulimaliza kwa 55,000, inaletwa na boti wiki hii.

Jumla 149,000. Imebaki ya soda.

Maswali ya mwisho: kuna kitu nimesahau? Na nikiwa nimekaa pale nakula, nifanye nini ili nyeupe ibaki nyeupe?

---

Mkunazini

Bei nzuri. Umesahau kitu kimoja ambacho ni bure: miguu. Makubadhi utayavua mlangoni, na pale ndani kisigino chako kiko usoni kwa mwenzako. Kata kucha, sugua visigino, paka mafuta. Makubadhi yenyewe yaweke alama kwa chini, maana mlangoni utakuta jozi mia zinazofanana na yako, au weka kwenye mfuko uingie nayo.

Kuhusu chakula: kwanza itakuja halua na kahawa. Halua ina mafuta mengi na wanakupa mkononi au kwenye kisahani kidogo. Inamia mbele kidogo, usilete halua kwako, wewe uende kwa halua. Leso ya mfukoni tandika mapajani. Kwenye pilau au biriani, vua koti ukunje nje ndani, uweke pembeni, na pandisha mikono ya kanzu mara mbili. Likidondoka tone la mafuta usisugue na maji. Nyunyizia poda ya mtoto au unga wowote mkavu, uache unywe mafuta, upangushe baadaye.

---

Kibokoni_001

Na udi. Usiku wa kuamkia, chetezo chini, kanzu juu ya kiti au kwenye kapu la kufukizia, si karibu na kaa, moshi ndio upande. Koti nalo. Koti la mtumba lafukizwa mara mbili.

---

Mzee_wa_Ruwi

Usipake na manukato ya chupa juu ya udi. Chagua kimoja.

---

Msukuma_Mjini

Kofia imefika! BintiVikokotoni mikono yako ibarikiwe. Sasa nitaifuaje ikichafuka jasho? Jirani kaniambia nitie kwenye mashine na jiki.

---

BintiVikokotoni

Usithubutu! Jiki inakula uzi, baada ya kufua mara chache vitobo vinaanza kufumuka kimoja kimoja na hakuna wa kukurudishia.

Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, isugue taratibu kwa mswaki laini wa zamani, hasa ule ukanda wa ndani unaogusa kipaji. Suuza hadi maji yatoke safi, usiikamue kwa kuizungusha, ibonyeze tu ndani ya taulo. Tone dogo la buluu kwenye maji ya mwisho kama unapenda weupe wa ubaridi. Halafu wanga: chemsha mwepesi, uwe kama maji ya uji, chovya kofia nzima, ibonyeze tena.

Kisha iwambe. Tafuta bakuli au kopo lenye mzunguko sawa na kichwa chako, livalishe kofia, nyoosha mshono wa juu kwa kidole kuzunguka wote, weka juani. Ikikauka itatoka imesimama. Ikibaki na kikunjo, ilowanishe pale tu, usiipige pasi ya moto juu ya vitobo, vinalala.

---

Kijana_wa_Tandale

Na akiwa hana bakuli la saizi ya kichwa chake?

---

BintiVikokotoni

Mpira wa miguu, autoe upepo kidogo mpaka kofia iingie, kisha aujaze tena taratibu. Kaka zangu wote ndivyo wanavyofanya.